Saa imerudi 1901: kutafuta na kutibu kufurika kwa mihuri ya wakati katika msimbo wa mfumo endeshi

Mtu akikuletea taarifa kwamba saa ya mashine imechanganyikiwa, usikimbilie kufungua msimbo. Muulize mambo mawili: imeonyesha tarehe gani hasa, na mashine ilikuwa imewaka kwa muda gani ilipoanza kusumbua. Kufurika kwa mihuri ya wakati, yaani namba ya wakati kuzidi nafasi ya kigeu kinachoihifadhi, ni kosa la hesabu, na karibu kila mara namba inayoonekana inatosha kukuambia upana wa kigeu kilichojaa na kipimo kilichokuwa kikihesabiwa: sekunde, milisekunde au mipigo ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Ukishajua hayo mawili, eneo la kutafuta linapungua sana. Usipoyajua, utapiga viraka kwenye fanksheni inayochapisha tarehe wakati namba iliharibika safu tatu chini yake.

Hii ndiyo mipaka inayokutwa mara nyingi. Ilinganishe na ulichoambiwa kabla ya jambo lingine lolote.

- Sekunde tangu 1 Januari 1970, katika biti 32 zenye ishara (zinazoruhusu namba hasi): mwisho ni 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC. Sekunde inayofuata husomeka 13 Desemba 1901, 20:45:52.
- Sekunde katika biti 32 zisizo na ishara: mwisho ni 7 Februari 2106, 06:28:15.
- Sekunde za NTP (itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni), zinazohesabiwa kuanzia 1900: hurudi sifuri 7 Februari 2036, 06:28:16.
- Milisekunde katika biti 32: siku 24 na saa 20 hivi ikiwa kuna ishara, siku 49 na saa 17 ikiwa hakuna.
- Mikrosekunde katika biti 32: dakika 35 na sekunde 47, au dakika 71 na sekunde 35.
- Nanosekunde katika biti 32: sekunde 2.1 au 4.3.
- Mipigo 100 kwa sekunde: siku 248 au 497. Mipigo 250 bila ishara: siku 198.8.
- Sekunde katika biti 16 zisizo na ishara: saa 18, dakika 12.
- Nanosekunde katika biti 64 zenye ishara, kuanzia 1970: Aprili 2262.

Namba ya siku 248 inajulikana hata nje ya ulimwengu wa kompyuta. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kwa ratiba, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vingeweza kuzimika vyote kwa pamoja baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo. Gawanya 2,147,483,648 kwa 100, kisha kwa sekunde 86,400 za siku. Jibu ni 248.55.

Dalili: tarehe ni ya 1901, 1969 au 1970

Hizi huchukuliwa kama ugonjwa mmoja, lakini ni mitatu tofauti.

Tarehe ya Desemba 1901 au miaka inayofuata ni kufurika halisi. Chukua namba ghafi, siyo tarehe iliyopambwa, kisha uongeze 4,294,967,296. Tuseme logi imeandika 13 Desemba 1901, 20:47:10. Namba yake ni -2147483570. Ongeza, upate 2147483726:

```
$ date -u -d @2147483726
Tue Jan 19 03:15:26 UTC 2038
```

Jibu likiwa tarehe yenye maana kwa kazi ile, umethibitisha: thamani ilikuwa sahihi mahali fulani, ikapita kwenye tundu la biti 32 njiani. Kilichobaki ni kutafuta tundu.

Tarehe ya 1 Januari 1970 kwa kawaida si kufurika. Ni sifuri: kigeu ambacho hakikujazwa, saa ya vifaa iliyoishiwa betri, au mwito ulioshindwa na hakuna aliyekagua. Tarehe ya 31 Desemba 1969 inaweza kuwa sifuri hiyohiyo ikisomwa na mtu aliye magharibi ya Greenwich, au inaweza kuwa -1, ambayo `time()` na `mktime()` huirudisha zinaposhindwa. Tazama sekunde. Ikiwa ni 23:59:59 kwa UTC, mtu alichukua jibu la kosa akalifanya wakati.

Kuna pia kufurika kwa kushuka chini ya sifuri. Mwaka 2016 iPhone za biti 64 zilikuwa zikigoma kuwaka zikirudishwa hadi 1 Januari 1970, na Apple ikarekebisha katika iOS 9.3. Kwa hiyo unapokagua msimbo, usiangalie dari peke yake.

Na usidhani 1901 itasubiri hadi 2038 ndipo ionekane. Chochote kinachojumlisha muda mrefu na sasa kinaufikia mpaka mapema: cheti cha miaka 20, ratiba ya mkopo, akiba ya faili isiyopitwa na wakati. Seva ya wavuti ya AOLserver iligundua hili Mei 2006. Ilikuwa na mipangilio yenye muda wa kusubiri wa sekunde bilioni moja, ikimaanisha "milele". Sekunde bilioni moja kabla ya mpaka ni 13 Mei 2006, na siku hiyo milele ikageuka kuwa jana. Nikikagua mfumo nisioujua, huanza na `grep` ya sifuri nyingi na ya `INT_MAX`, kwa sababu anayeandika "milele" kama namba kubwa huwa hafikirii kwamba namba hiyo itajumlishwa na kitu kingine.

Dalili: saa imekwama kwenye 03:14:07 kamili

Namba haikuzunguka, imegandishwa. Hapa mtuhumiwa ni kitu kinachobana thamani badala ya kuikata. `strtol()` kwenye mashine ambayo `long` ni biti 32 hurudisha `LONG_MAX` ikipewa namba kubwa, na kuweka `ERANGE` ambayo wachache huikagua. Faili la mipangilio lina 2500000000, programu inasoma 2147483647. Tumia `strtoll()` na ukague `errno`. Mtuhumiwa wa pili ni mfumo wa faili, nitaufikia.

Kumbuka kwamba kwenye Windows `long` ni biti 32 hata katika mfumo wa biti 64. `(long)time(NULL)` hukata wakati hapo, ilhali mstari huohuo kwenye Linux ya biti 64 ni salama. Msimbo unaojengwa pande zote mbili ukitumia `long` kubebea wakati ni bora usafishwe wote, hata kama leo haujalalamika.

Dalili: mchakato unakula CPU yote, au taima inalia papo hapo

Hesabu ya mwisho wa kusubiri imefurika. `mwisho = sasa + muda` imetoa namba hasi au ndogo, kitanzi kinaona muda umekwisha, kinafanya kazi yake, kinapanga tena, kinaona umekwisha tena. Unaweza kuliona bila kugusa msimbo:

```
strace -f -tt -e trace=poll,ppoll,epoll_wait,clock_nanosleep,futex -p PID
```

Ukiona `epoll_wait` ikirudi mfululizo na muda wa kusubiri 0, au `clock_nanosleep` ikijibu `EINVAL` kwa sababu `tv_sec` ni hasi, umepata. Kwenye Linux ya biti 32 miito mipya ina majina yanayoishia na `time64` au `64`, kama `ppoll_time64` na `clock_gettime64`. Ilianza na kerneli 5.1 ya mwaka 2019. Ukiona programu bado inaita `clock_gettime` ya kawaida kwenye ARM ya biti 32, basi imejengwa kwa wakati wa biti 32, na hakuna kiraka cha kerneli kitakachoiokoa.

Dada yake ni dalili ya kinyume: taima hailii kabisa, au inalia baada ya siku 49. Chanzo mara nyingi ni ulinganishaji, na hapa inafaa kukaa kidogo kwa sababu ndipo dosari nyingi za kaunta huzaliwa.

```c
uint32_t mwisho = sasa() + 100;
...
if (sasa() > mwisho)      /* kosa */
    lia();
```

Tuseme `sasa()` ni 4294967290. Mwisho unakuwa 94, kwa kuwa jumla imezunguka. Swali "4294967290 ni kubwa kuliko 94?" linajibiwa ndiyo, taima inalia kabla ya wakati. Sasa chukua upande wa pili: mwisho ni 4294967290, na kitanzi kikachelewa kidogo. Kilipoangalia, kaunta ilikuwa 3. Tatu si kubwa kuliko bilioni nne, kwa hiyo taima itasubiri mzunguko mzima.

Kaunta yenyewe haina kosa lolote. Kaunta inaruhusiwa kuzunguka. Kosa ni kuuliza ipi ni kubwa badala ya kuuliza umbali kati yake:

```c
if ((int32_t)(sasa() - mwisho) >= 0)
    lia();
```

Kutoa namba zisizo na ishara hutoa umbali sahihi hata mzunguko ukiwa katikati. Sharti ni moja: umbali usizidi nusu ya upana, yaani usifike 2^31. Ukipima muda uliopita tangu mwanzo, njia iliyo nyepesi zaidi ni `sasa() - mwanzo >= muda`, vigeu vyote vikiwa `uint32_t`.

Kuna mtego hapa unaowakamata hata wazoefu. Badilisha aina iwe `uint16_t` na mstari uleule unavunjika, kwa sababu C hupandisha namba ndogo kuwa `int` kabla ya kutoa. 3 kutoa 65530 haitoi 9. Inatoa -65527, na hiyo kamwe haifiki `muda`. Lazima uandike `(uint16_t)(sasa - mwanzo) >= muda`. Vidhibiti vidogo vyenye kaunta za biti 16 vimejaa dosari hii, na haionekani kwenye majaribio mafupi.

Angalia pia msimbo unaotumia `mwisho == 0` kumaanisha "taima haijawekwa". Kaunta ikizunguka, sifuri ni wakati halali kama mwingine. Weka bendera tofauti.

Ndani ya Linux usiandike ulinganishaji huu kwa mkono. Tumia `time_after()`, `time_before()` na ndugu zao kwa `jiffies`, kaunta ya mipigo ya kerneli. Kerneli ina hila nzuri: `jiffies` haianzi sifuri, huanza -300*HZ (HZ ni mipigo kwa sekunde), ili kwenye mashine za biti 32 izunguke dakika tano tu baada ya kuwaka. Kwa hiyo draiva inayokufa takriban dakika tano baada ya kila kuwasha imekuonyesha kosa lake waziwazi. Waliobuni hila hiyo walijua hakuna msanidi atakayesubiri siku 497 kujaribu draiva yake. Ukiandika mfumo wako, hata kama ni mdogo, igeze.

Dalili: mambo yanaharibika baada ya idadi ileile ya siku

Rudi kwenye orodha ya juu. Windows 95 na 98 ziliganda baada ya siku 49.7 kwa sababu ya milisekunde katika biti 32, na ndiyo maana kuanzia Vista kuna `GetTickCount64()`. Linux 2.4 ilionyesha muda wa kuwaka ukirudi sifuri baada ya siku 497. Idadi isipokuwa kwenye orodha, igeuze kuwa nanosekunde uone ipo karibu na kipeo gani cha mbili. Kerneli za Linux za enzi ya 2.6.32 zilikuwa zikianguka baada ya siku 208.5, na siku hizo ni 2^54 nanosekunde. Kwa nini 54, na si 63? Mizunguko ya prosesa ilizidishwa kwa kizidisho, kisha jibu likasogezwa biti 10 kulia ili kupata nanosekunde. Kigeu kilikuwa na biti 64, kwa hiyo jibu la mwisho lisingeweza kuvuka 2^54. Kilichofurika kilikuwa zao la katikati ambalo halina jina kwenye msimbo.

Kuzidisha ndiko mahali pa kwanza pa kuchungulia hata kwenye programu za kawaida:

```c
int64_t a = sekunde * 1000;            /* kosa ikiwa sekunde ni int */
int64_t b = (int64_t)(sekunde * 1000); /* kosa lilelile */
int64_t c = (int64_t)sekunde * 1000;   /* sawa */
```

Mstari wa pili unadanganya macho. Ubadilishaji wa aina unafanyika baada ya uharibifu. Kwenye kerneli, badala ya kuzidisha na kugawanya mwenyewe, zipo `mul_u64_u32_shr()` na wenzake zinazobeba zao pana.

Na usijaribu kugundua kufurika kwa `if (a + b < a)` ikiwa namba zina ishara. Kwa sheria za C kufurika kwa namba yenye ishara hakufafanuliwi, kwa hiyo kompaila ina haki ya kudhani hakutokei na kulifuta sharti lote. Utasoma msimbo, utaona ulinzi upo. Utafungua programu iliyojengwa, haupo. Tumia `__builtin_add_overflow()`, inayokupa jibu pamoja na habari kama limefurika. Kerneli ya Linux hujengwa kwa bendera zinazolazimisha kuzunguka, lakini programu yako huenda haijajengwa hivyo.

Dalili: sekunde ni sahihi, mikrosekunde ni sifuri daima

Hii ni dalili ninayoiona kuwa na mafunzo kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama jambo dogo lisilohusiana na 2038. Inatokea sehemu moja ikijengwa kwa `time_t` ya biti 64 na nyingine kwa biti 32, kisha zikapeana `struct timeval`.

Fikiria mpangilio wa baiti kwenye ARM ya biti 32. Mwandishi mpya anaandika sekunde katika baiti 8, kisha mikrosekunde. Msomaji wa zamani anasoma baiti 4 za kwanza kama sekunde, na nne zinazofuata kama mikrosekunde. Kwa kuwa baiti ndogo hutangulia, nne za kwanza ni nusu ya chini ya sekunde, nayo ni sahihi hadi 2038. Nne zinazofuata ni nusu ya juu, ambayo leo ni sifuri. Saa inaonekana nzima, ila vipimo vya muda mfupi vyote vinatoka sekunde kamili. Kwenye mashine inayotanguliza baiti kubwa dalili inabadilika: sekunde ndizo zinakuwa sifuri, na unarudi 1970.

Geuza upande: mwandishi wa zamani, msomaji mpya. Mikrosekunde zinaingia kwenye nusu ya juu ya sekunde, na unapata mwaka wa mamilioni unaorukaruka kila ukisoma. Mbaya kuliko yote ni pale mwandishi mpya anapopewa nafasi ya msomaji wa zamani. Anaandika baiti 16 kwenye sanduku la baiti 8, na ujumbe unaouona ni `stack smashing detected`, usiotaja wakati popote.

Kujua nani ni nani:

```
nm -D maktaba.so | grep -E 'time|stat'
```

Majina kama `__time64` na `__clock_gettime64` ni ya ujenzi mpya. Kwa glibc, maktaba ya C inayotumika zaidi kwenye Linux, wakati wa biti 64 kwenye mashine za biti 32 ulikuja na toleo 2.34 la mwaka 2021, na unauomba mwenyewe kwa `-D_TIME_BITS=64 -D_FILE_OFFSET_BITS=64`. Bendera ya pili ni lazima, na inabadilisha pia ukubwa wa `off_t`, kwa hiyo mgongano unaweza kutokea hata katika miundo isiyobeba wakati. musl, maktaba nyingine ya C, ilichagua njia tofauti: kuanzia 1.2.0 ya mwaka 2020 `time_t` ni biti 64 kila mahali. OpenBSD ilikuwa imeshafanya hivyo katika toleo 5.5 la mwaka 2014 bila kubembeleza programu za zamani.

Dawa haina mkato: jenga upya kila kinachogusana. Debian walifanya hivyo mwaka 2024, wakayaongezea majina ya vifurushi vya maktaba herufi `t64` ili zilizojengwa kwa njia mbili zisichanganyike, na wakaiacha i386 nje kwa makusudi ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Katika mradi wako weka mlinzi kwenye faili la vichwa:

```c
_Static_assert(sizeof(time_t) == 8, "time_t lazima iwe biti 64");
```

Miundo inayovuka mpaka wa kerneli kupitia `ioctl`, inayoandikwa diskini, au inayotumwa mtandaoni isitumie `time_t` wala `struct timeval` kabisa. Andika `int64_t` au `__s64` waziwazi. Ndani ya kerneli tumia `struct timespec64`, `ktime_get_real_ts64()` na `ktime_get_seconds()`. Fanksheni za zamani kama `do_gettimeofday()` ziliondolewa, kwa hiyo draiva ya nje ya kerneli inayokataa kujengwa kwa sababu hiyo inakusaidia, haikuonei.

Bado kwenye ujenzi: logi inayoharibika baada ya mahali pa wakati, au programu inayoanguka kwenye `%s` inayofuata, ni `printf("%ld %s", t, jina)` ambayo `t` imekuwa baiti 8 na hoja zote zimesogea. Andika `%lld` na `(long long)t`. `-Wformat` hukuonyesha zote, kwa hiyo kama umeizima kwa sababu inapiga kelele, iwashe.

Dalili: tarehe za faili zinabadilika baada ya kuwasha upya

Kwenye kumbukumbu ya kerneli inodi (rekodi ya taarifa za faili) ina wakati mpana, diskini ina mwembamba. Weka `touch -d 2040-01-01`, tazama, ondoa diski (`umount`), irudishe (`mount`), tazama tena. Kerneli za kabla ya 5.4 zingekuonyesha mwaka 1903. Mpya hubana mapema, utaona 19 Januari 2038.

```
dmesg | grep 'supports timestamps'
dumpe2fs -h /dev/sda1 | grep 'Inode size'
xfs_info / | grep bigtime
```

ext4 yenye inodi za baiti 256 hufika 2446; zenye baiti 128 hukoma 2038, na `mke2fs` ya zamani iliziweka kwenye partisheni ndogo, hasa `/boot`. `tune2fs -I 256` ingesaidia, ila hukataa diski zenye `flex_bg`, ambazo ni nyingi. Fanya nakala na uumbize upya. XFS ni rahisi zaidi: kuanzia kerneli 5.10 kuna `bigtime`, na `xfs_admin -O bigtime=1` kwenye diski iliyoondolewa huifikisha 2486.

Mwenye seva ya biti 64 asijione amepona. Rekodi za watumiaji walioingia, `utmp`, `wtmp` na `lastlog`, za glibc zinatumia biti 32 hata kwenye x86-64, ili zisomeke na programu za biti 32. Badala yake kuna `wtmpdb` na `lastlog2`.

Dalili: tarehe iko nyuma kwa miaka 19 na nusu hivi

Hesabu tofauti kwa siku. Ikiwa ni 7168 kamili, ni wiki 1024 za GPS, kaunta ya biti 10. Ilizunguka Agosti 1999, ikazunguka Aprili 2019, itazunguka tena Novemba 2038. Msimbo wako hauna kosa, kipokezi ndicho. Kama hakina programu mpya, ongeza wiki 1024 hadi tarehe ivuke siku ambayo programu yako ilijengwa. Wazo hilohilo la kutumia tarehe ya ujenzi kama sakafu ndilo linalofaa kwa NTP ya 2036.

Dawa isiyo dawa

Utashauriwa ubadilishe kigeu kiwe kisicho na ishara, na mpaka usogee hadi 2106. Kwa sehemu ya rekodi ya diski ambayo huwezi kuipanua, sawa. Kwa kigeu cha hesabu, hapana: `if (t < 0)` zote zinakufa kimya, -1 ya kosa inakuwa mwaka 2106, na kutoa wakati wa baadaye kutoka kwa wa mapema kunatoa sekunde bilioni nne badala ya namba hasi. Unauza dosari moja ya 2038 kununua kadhaa za leo.

Kujaribu

Usisogeze saa ya seva inayofanya kazi. Vyeti vitakataliwa, kazi za cron zitamwagika kwa pamoja, na kisafishaji cha nakala rudufu kitaona kila kitu ni kikuukuu na kukifuta. Programu moja inajaribiwa kwa `faketime '2038-01-19 03:14:00' ./programu`. Mfumo mzima unajaribiwa kwenye mashine pepe:

```
qemu-system-arm ... -rtc base=2038-01-19T03:13:00,clock=vm
```

Kaunta za muda wa kuwaka haziguswi na tarehe. Kwa hizo, Linux 5.6 na kuendelea ina nafasi ya majina ya wakati, na `unshare -T --fork --boottime 4294900 --monotonic 4294900 ./programu` huiambia programu kwamba mashine imewaka karibu siku 49.7, inakutana na mpaka wa milisekunde takriban sekunde 67 baadaye, kabla ya kuhesabu muda ambao mashine yenyewe imeshawaka. Jenga pia kwa `-fsanitize=signed-integer-overflow`. Haikamati ukataji wa biti 64 kuwa 32; kwa huo clang ina `-fsanitize=implicit-conversion`.

Usiishie kwenye kuvuka mpaka ukiona mashine haijaanguka. Iache ivuke, izime, iwashe tena ikiwa ng'ambo ya pili, kwa kuwa diski na saa ya vifaa hujaribiwa wakati wa kuwaka tu. Kwenye kerneli ya biti 32 Linux hukataa saa ya vifaa inayozidi `INT_MAX` inapowaka, ikitoa `ERANGE`, na mashine huanza bila kujua tarehe. Hitilafu hiyo haitakuja na neno 1901 popote. Itaonekana kama mtandao usiounganika, kwa sababu vyeti vyote vitasema havijaanza kutumika.